Mdogo Wangu Anatengeneza Betri, Mimi Nimeshika Hisa za Watu

Shikamoo Mama,

Naandika kutoka Grand Rapids, Michigan. Mimi ni mwanaume wa miaka 43, mzaliwa wa Uvira, Kongo, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, na huu ni mwaka wangu wa tisa Marekani. Naomba jina langu lisitajwe. Kampuni nazo sitazitaja, na ukimaliza kusoma utaelewa sababu.

Hapa tuna kikundi cha watu kumi na wawili, wengi tulijuana kambini. Tulianza na likelemba ya kawaida, yaani upatu, kila mwezi anapokea mmoja. Miaka mitatu iliyopita tukakubaliana kwamba sehemu ya fedha isiliwe, iwekwe mahali izae. Nikachaguliwa mweka hazina kwa sababu Kiingereza changu kimenyooka na tayari nilikuwa na programu ya kununua hisa kwenye simu. Nikawashauri tununue hisa za kampuni inayotengeneza magari ya umeme. Mama, sikubahatisha, nilisoma usiku mwingi. Kilichonivuta ni kwamba kampuni hiyo iliingia ubia na kampuni kubwa ya betri, wajenge kiwanda pamoja, nusu kwa nusu. Wachambuzi niliowasoma walikuwa wakisema kwamba gari la umeme ni betri, na mwenye uhakika wa betri ndiye atakayebaki sokoni. Nikasimama mbele ya wenzangu nikasema: "Hawa wamefunga ndoa na wakubwa wa betri. Upande huo tulale usingizi." Maneno hayo yananirudia kila usiku.

Leo kwenye akaunti kuna dola 31,500, na akaunti iko kwa jina langu. Zangu na za mke wangu ni 5,800. Za mama mmoja mjane anayesafisha vyumba hotelini ni 4,000. Huyo mama hajui hisa ni nini. Ananijua mimi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mdogo wangu, tumbo moja, mwaka jana alipata kazi katika kiwanda cha betri kinachoiuzia kampuni hiyo hiyo. Anafanya zamu ya usiku ndani ya kile wanachokiita chumba kikavu. Wanaingia wamevaa nguo nyeupe wamebakiza macho, na hewa ya mle imekaushwa kwa sababu unyevu ni adui wa betri. Midomo yake imepasuka, na ngozi ya mikono imekuwa kama magamba.

Jumapili mbili zilizopita alikuja kula kwangu. Tulipomaliza akakata vipande viwili vya ile karatasi ya alumini niliyofunikia samaki, katikati akaweka karatasi laini ya jikoni. "Hii hasi, hii chanya, na hii ya katikati ni kitenganishi, ndiyo inayozuia zisigusane." Halafu akaikunja kona ya ile karatasi ya katikati, kidogo tu, kama ukucha wa kidole cha mwisho. "Kaka, hiki ndicho ninachokutana nacho." Akaniambia kamera za ukaguzi zilikuwa zikikataa seli nyingi, yaani vile vipande vinavyounganishwa kuwa betri moja, zenye kona ya namna hiyo, kazi ikarudi nyuma, msimamizi akaja na fundi usiku mmoja wakabadilisha kipimo cha kamera. Tangu siku ile zinazokataliwa zimepungua sana. "Seli ni zile zile. Macho ya mashine ndiyo yamebadilika."

Nikamuuliza amemwambia nani. Hajamwambia mtu. Alipoanza kazi alisaini karatasi ya siri, ana watoto wawili, na mama yetu bado yuko Nyarugusu anaishi kwa anachotuma yeye na ninachotuma mimi. Alipokuwa anavaa koti akanigeukia: "Nimekwambia wewe kama kaka, si kama mwekezaji."

Mke wangu alisikia yote kutoka jikoni. Usiku ule akasema tuuze zetu kesho yake, kimya kimya, halafu tutafute namna ya kuwaambia wengine. Nikakataa, tukanuniana siku tatu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao kikundi kinakutana, na wamepania kuongeza dola 9,000 kwenye hisa hizo hizo, kwa sababu ya habari mpya kwamba ubia ule unapanuliwa. Na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ana gari la kampuni hiyo. Analichaji ndani ya gereji, na juu ya gereji ndipo wanapolala watoto wake.

Nikiuza nimemtumia mdogo wangu. Nikinyamaza nimewauza wajane. Nikisema, mdogo wangu anafukuzwa. Nifanye nini, Mama?

Mweka hazina, Grand Rapids

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa, na nimesoma kuhusu betri kuliko nilivyowahi kusoma maishani. Nikuambie kwanza nilichokisikia, unisahihishe kama nimekosea. Umebeba amana ya watu waliokuamini kwa sura yako. Umebeba siri ya mdogo wako. Na umebeba hofu ya watoto wa jirani wanaolala juu ya gereji. Vyote vitatu umevifunga kwa kamba moja, ndiyo maana kila unakovuta kunauma. Nitajaribu kuifungua polepole, ingawa sitakuambia la kufanya. Mimi sitakuwepo hiyo Jumamosi, wala sitakuwepo kama mdogo wako akikosa zamu.

Nianze na ile ndoa uliyowaambia wenzako. Hukuwadanganya, wawekezaji wengi wanaona kama ulivyoona. Ila nakuuliza: ubia wa betri unamhakikishia nani kitu gani? Unaihakikishia kampuni kwamba seli zitapatikana, pengine na bei. Hauhakikishi kwamba mkono wa mashine usiku wa manane umekata sawasawa. Mfano uko hapo hapo Michigan. Kampuni ya A123 ilikuwa na kiwanda Livonia, ikiiuzia betri kampuni ya magari ya umeme ya Fisker, na yenyewe ilikuwa imenunua hisa za Fisker. Ndoa hasa. Machi 2012 ikatangaza kwamba mashine ya kuchomelea haikuwa imewekwa sawasawa, na kubadilisha betri zenye kasoro kungegharimu dola milioni 55. Oktoba mwaka huo huo A123 ikafilisika. Novemba 2013 Fisker ikafuata.

Mfano wa pili ulikwenda tofauti, na ndio unaofanana zaidi na hadithi ya mdogo wako. Kampuni ya magari ya General Motors na LG ya Korea Kusini, watengeneza betri, walitangaza ubia wao wa nusu kwa nusu Desemba 2019. Wakati kiwanda chao cha kwanza kinajengwa Ohio, magari ya Chevrolet Bolt, yenye betri za LG, yakawa yanawaka moto. Novemba 2020 wakayaita magari karibu 68,000 yarudi kwa matengenezo. Wakayaita tena Julai 2021. Mwezi uliofuata wakayaita yote yaliyowahi kutengenezwa, kama 142,000, kwa sababu iligundulika kwamba kasoro haikutoka kiwanda cha Ochang cha Korea Kusini peke yake. Wenye magari waliambiwa wasichaji kupita asilimia 90, wasiache yachaji usiku kucha, wayaegeshe nje mbali na nyumba. Na kasoro ilikuwa nini? Kijiulimi cha anodi, yaani cha upande hasi, kilichochanika na kitenganishi kilichokunjika. Nilipofika hapo nikasimama, nikaisoma tena barua yako, ile kona ya karatasi ya jikoni.

Lakini usikimbilie mbele. Walichosema ni kwamba kasoro zile mbili zilipokutana ndani ya seli moja ndipo hatari ilipozaliwa. Betri moja ya Bolt ina seli 288. Unaona basi mambo mawili yanayokwenda pamoja: kona iliyokunjika peke yake si lazima iwe moto, na kona iliyokunjika si jambo la kupuuza hata kidogo.

Gharama ilifika kama dola bilioni 2, na Oktoba 2021 LG ikakubali kulipa hadi bilioni 1.9 kati ya hizo. Ubia haukuvunjika. Tena Januari 2022 LG Energy Solution ikaingia soko la hisa la Seoul na wawekezaji wakaigombania, wakaweka won trilioni 12 na ushee. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na hisa akiuliza "moto ukitokea, fedha yangu itakwenda wapi?" jibu la Fisker ni moja na jibu la General Motors ni jingine. Tofauti iko kwenye kina cha mfuko wa anayelipa na kilichoandikwa kwenye mkataba wao. Je, ya kampuni yenu unaijua? Kama hukuwa unaijua hata kabla ya ile Jumapili, basi sehemu ya wasiwasi wako haikuletwa na mdogo wako. Ilikuwepo tangu siku mlipoweka fedha yote mahali pamoja, na akaunti kwa jina la mtu mmoja. Mungu aepushe, ukipata ajali kesho, yule mama mjane ataonyesha karatasi gani?

Nikuulize na hili, na usilichukue kwamba namshuku mdogo wako. Alichokiona ni kipande gani cha kazi? Seli ikishapangwa haiendi moja kwa moja kwenye gari. Huchajiwa mara ya kwanza, ikalazwa siku kadhaa, ikapimwa kama inavuja umeme kwa ndani. Yawezekana kuna mlango mwingine mbele unaozikamata. Yawezekana kamera ilikuwa kali kupita kiasi na fundi aliirudisha pale mhandisi aliposema iwe. Yawezekana pia ni kama alivyoelewa yeye, kwamba idadi ya seli ilihitajika kuliko usalama. Mtu wa zamu moja kwenye mstari mmoja hawezi kujua, na wewe unajua kidogo kuliko yeye. Anayeweza kujua ni mhandisi wa ubora mwenye namba mkononi. Mwulize mdogo wako kama mtu huyo yupo, na kama watu humwendea wakarudi salama.

Sasa kuuza. Mke wako simlaumu, anailinda nyumba yake. Lakini mwambie kwa upole kwamba njia yake ndiyo yenye mtego mkubwa kuliko anavyodhani. Sheria ya Marekani haimwachi mtu atumie habari nzito ya ndani ya kampuni, ambayo umma haujaijua, kuuza au kununua hisa. Na undugu hauipunguzi. Desemba 2016 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Salman: habari ilitoka kwa mfanyakazi wa benki kwenda kwa kaka yake, ikamfikia shemeji, shemeji akafanya biashara ya hisa. Mahakama ikasema kumpa ndugu habari kama zawadi, naye akafanya nayo biashara, kunatosha kuwa kosa. Kama habari ya mdogo wako ni nzito kiasi hicho mbele ya sheria, mimi sijui kulipima, mwanasheria ndiye anayejua. Ila ninyi si raia wa kuzaliwa, na kwa mwenye kadi ya kijani hatia ya jinai inaweza kufika hadi kwenye haki yake ya kubaki nchini. Kwa dola 5,800, ungemweka mdogo wako kwenye mizani hiyo?

Kuwaambia kikundi nako kunaonekana ni uaminifu, na moyo wako unakwenda huko. Fikiri kitakachofuata. Watu kumi na mmoja watakuwa wanaijua habari, kila mmoja ana shemeji na rafiki wa kanisani, na kabla ya Jumatatu itakuwa imerudi kiwandani na jina la mdogo wako juu yake. Tena yeyote kati yao atakayeuza kwa sababu ya maneno yako atakuwa ameingia kwenye mtego ule ule bila kujua.

Kunyamaza kabisa huku wanaongeza 9,000 ndiko kunakokukosesha usingizi, na naona una haki. Hapa pana nafasi ndogo ambayo pengine hukuiona. Kutonunua si sawa na kuuza. Na kuna jambo la kweli unaloweza kulisema mbele yao bila kumgusa mdogo wako, kwa kuwa lilikuwa kweli miaka mitatu iliyopita: kwamba ulikosea kuwaambia walale usingizi, kwamba fedha ya watu kumi na wawili imekaa kwenye hisa moja, na kwamba mngojee kuongeza mpaka mpate mtu wa fedha aliyesajiliwa awakalishe chini. Itakugharimu heshima kidogo. Wapo watakaosema unaogopa, labda watakuvua uweka hazina. Na wakitaka si kungoja tu bali kuuza, muone mwanasheria kwanza wewe mwenyewe, kwa sababu atakayekuja kuuliza baadaye atauliza ulijua nini na tangu lini.

Nimeacha mdogo wako mwisho, na pengine ningeanza naye. Alikuambia wewe kama kaka. Nahisi hakuja kula samaki tu. Mtu asiyetaka lolote lifanyike hakunji karatasi mezani kumwonyesha kaka yake. Umemuuliza anataka nini? Katika barua yako yote umeeleza anachoogopa, hujaandika mahali anachokitaka.

Akitaka kusema, njia zipo. Anaweza kuanza ndani ya kiwanda. Anaweza kwenda NHTSA, shirika la serikali la usalama wa magari, ambalo hupokea habari kutoka kwa wafanyakazi wa viwanda vya magari na vya wanaowauzia vipuri pia, kwa sheria ya mwaka 2015, na hutakiwa kulinda jina la msemaji. Akiadhibiwa kazini kwa sababu hiyo ana siku 180 kulalamika OSHA, shirika la serikali la usalama kazini. Na ile karatasi ya siri aliyosaini si ukuta mbele ya serikali kama anavyofikiri. Mwanasheria wa wafanyakazi atamweleza inaishia wapi. Lakini sitaki umpelekee habari tamu tupu. Mhandisi Kim Gwang-ho wa Hyundai aliripoti kasoro za injini mwaka 2016, akafukuzwa kazi. Zawadi ya NHTSA kwa kutoa habari hizo, zaidi ya dola milioni 24, ilikuja Novemba 2021. Miaka mitano ni mingi kwa mtu mwenye watoto wawili na mama kambini, na wengi wanaosema hawapati zawadi yoyote. Kama ameajiriwa kupitia wakala, zamu zinaweza kukauka tu bila mtu kutamka neno "kufukuzwa". Je, wewe na mke wako mnaweza kubeba kodi yake ya nyumba miezi mitatu? Hilo ni swali la kaka, na ungemjibu kabla hajaliuliza, huenda angeamua akiwa na moyo mwepesi zaidi.

Kuhusu jirani. Humjui mtu yeyote aliyethibitisha kwamba gari lake lina hatari, na sitaki uende kumtisha. Ila kuna jambo la kawaida ambalo mtu yeyote anaweza kumwambia mwenye gari: namba ya chasisi ya gari, ile ya tarakimu na herufi 17, huingizwa kwenye tovuti ya NHTSA bila malipo ikasema kama gari limeitwa kwa matengenezo. Na king'ora cha moshi karibu na vyumba vya kulala si kitu kinachohitaji siri ya mtu.

Kuna jingine ambalo hukuniuliza na limenikaa moyoni. Juni 24, 2024 kiwanda cha betri za lithiamu cha Aricell, mji wa Hwaseong, Korea Kusini, kiliwaka. Walikufa watu 23, na wengi wao walikuwa wahamiaji waliokuja kutafuta riziki kama ninyi. Nyote mnazungumza habari ya gari la jirani na hisa za kikundi. Mdogo wako ndiye anayelala mchana na kuamka kwenda kukaa katikati ya seli hizo usiku kucha. Anajua mlango wa dharura uko wapi kutoka mahali anaposimama? Amewahi kufanyishwa zoezi la kutoka? Hayo anaweza kuyauliza kazini kesho bila kumtaja mtu wala kamera, na atakavyojibiwa kutampa picha ya namna wanavyopokea maswali.

Wewe na mke wako msinuniane tena. Mwonyeshe barua hii. Kisha mwite mdogo wako Jumapili, simu zikae chumba kingine, mle kwanza. Mpake mafuta hiyo mikono. Halafu umuulize anataka nini, na ukae kimya mpaka amalize. Ukipenda, niandikie alichosema.

Mama